Magongo Niliyoyakata

Kwanza kabisa, msimruhusu mtu kuacha gongo ndani ya buti la gari. Hilo nimelisema miaka nenda miaka rudi, na nalisema tena leo ambapo nimeshakabidhi funguo za karakana na sina mamlaka juu ya yeyote isipokuwa paka wa nyumbani, naye hanisikilizi. Buti la gari Maskati mwezi wa saba ni tanuri. Gundi inalegea, mti unakauka na kujikunja. Halafu mwenye gongo anaingia nalo kwenye baridi ya uwanjani, analipiga mara moja, linapasuka, na anakuja dirishani kwenu kulalamika kwamba kiwanda kimemdhulumu. Mpeni kiti, mpeni maji, halafu mwulizeni gari lake lilikuwa limeegeshwa wapi.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu havikuwa vingi na havimfundishi mtu kitu. Nitaandika juu ya magongo ya hoki ya barafu, maana ndiyo yaliyonilea mimi na wadogo zangu, na hasa juu ya kosa moja nililolifanya zaidi ya miaka kumi nikidhani ni ufundi.

Niliingia pale kwenye uwanja wa barafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Skuli niliiacha Unguja nikiwa kidato cha pili, baba alipofariki na mama akamfuata kabla mwaka haujatimia. Nilikuwa mkubwa wa wanne. Mjomba wetu alituleta Maskati, akatupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake Ghubra, na mimi nikafanya kila kazi iliyopatikana. Mdogo kuliko wote ni Ruqaiya. Tulipofiwa alikuwa bado hajui kusema vizuri. Nilijiwekea jambo moja tu: hawa watatu watamaliza skuli, hata kama mimi sikumaliza.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na makubadhi. Meneja aliniuliza kama najua kuteleza kwenye barafu, nikamwambia kwamba barafu kubwa niliyowahi kuiona ni ya kwenye ndoo ya muuza samaki. Akacheka, akanipeleka kwa fundi mkuu. Huyo alikuwa Bwana Varghese, mtu wa Kerala, mwembamba, aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, hata akienda kula mchana nje kwenye joto la kuunguza. Alinitazama vidole vya miguu.

"Nenda nyumbani," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni. "Rudi na soksi. Jozi mbili."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Kazi yetu ilikuwa kunoa viatu vya barafu, kuvikodisha, na kutengeneza magongo ya wachezaji wa hoki. Wachezaji wenyewe walikuwa mchanganyiko: wahandisi wa kigeni, wauguzi, walimu, na vijana wa Kiomani waliosoma nchi za baridi wakarudi na ugonjwa wa mchezo huu. Hakuna aliyekuwa anacheza kwa riziki. Walitoka ofisini, wakacheza saa moja, wakaenda nyumbani na magoti yanayouma.

Mimi nilidhani magongo nayajua. Babu yangu alikuwa akichonga bakora, na tangu mtoto nimemwona akizipaka mafuta ya nazi mpaka zing'ae. Hapa Oman pia nikawakuta watu wazima na fimbo zao za kushika mkononi, zimetunzwa vivyo hivyo. Basi wiki ya pili, Bwana Varghese akiwa na siku yake ya mapumziko, nikayakuta magongo kumi na mawili ya mti yamesimama ukutani, makavu, yamefifia. Niliyahurumia. Nikayasugua moja moja kwa mafuta ya nazi kuanzia juu mpaka chini, nikarudi nyuma kuyatazama. Yalipendeza mno.

Jioni ile wachezaji waliingia uwanjani. Utepe wa kitambaa, ule wanaouzungushia kwenye bapa la chini na juu mahali pa kushika, ulikuwa unateleza na kutoka kama soksi iliyolegea. Glovu hazishiki. Mwalimu mmoja wa hesabu alipiga mpigo mkubwa, kisahani, kile kigumu cha mpira kinachopigwa, kikabaki palepale, gongo ndilo likaruka likatua kwenye viti vya watazamaji.

Kesho yake Bwana Varghese alinusa gongo moja, akalinusa tena.

"Mbarouk," akasema, "hili unalipeleka harusini?"

Tulishinda kutwa tunayafuta kwa spiriti na kuyapiga msasa. Meneja alipouliza, Varghese alimwambia kwamba utepe wa safari ile ulikuwa mbovu. Hakunitaja. Nami nilikuwa na watu watatu nyumbani wanaosubiri nibaki kwenye kazi ile, kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba yule bwana sijamsahau kwenye dua zangu, ingawa dini zetu ni mbali mbali.

Alinifundisha kusoma gongo. Geuza bapa, tazama utepe ulipochakaa. Ukichakaa upande wa kisigino, ujue ncha inanyanyuka juu ya barafu na gongo limemzidi urefu, au mwenyewe anainama kupita kiasi. Ukichakaa kwenye ncha, gongo ni fupi, au anasimama wima kama askari. Ukichakaa katikati, mshukuru Mungu, mrudishie gongo lake na usijipe kazi. Alinifundisha kwamba bapa lililopinda sana linampa mchezaji mzuri ujanja, lakini yule wa saa moja kwa wiki linamfanya apige kisahani mahali asipopatazama. Alinifundisha kuweka glovu juu ya chetezo, tukizifukiza ubani kidogo, kwa sababu harufu ya glovu ya hoki ni jambo ambalo sitaliandika.

Na alinifundisha kipimo cha pua. Mtu avue viatu, asimame na soksi, gongo lisimame mbele yake ncha ikigusa sakafu. Juu lifike puani. Akivaa viatu vya barafu litamfika kidevuni. Likizidi, unakata.

Hapo kwenye kukata ndipo nilipojipatia jina. Duka lililokuwa likituletea magongo lilileta ya watu warefu tu, kwa sababu walionunua zaidi walikuwa wazungu warefu. Mtu wetu mfupi akija, gongo linampita paji la uso. Nilikuwa na msumeno wa meno madogo, nikikata kwa mvuto mmoja mrefu bila mpini kupasuka, napiga msasa, naweka kizibo, nimekwisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Watu walitoka timu nyingine kuja kukatiwa kwangu. Varghese aliporudi kwao Kerala kwa heri, meza ikawa yangu, na msumeno nikautundika mahali pa kuonekana.

Miongoni mwa niliowakatia ni Suleiman, mfamasia mwenye duka la dawa mtaani kwetu Ghubra. Alianza mchezo akiwa na miaka arubaini, mfupi, mwepesi, mwenye ucheshi. Alijua kuteleza, alijua kusimama mahali pa kusimama, lakini akipiga, kisahani kilitambaa kwenye barafu kama kinakwenda kuomba radhi. Wenzake wakamwita Mkono wa Uji. Akicheka nao. Mimi pia nilicheka, nikamshauri ale nyama.

Mwishoni mwa miaka ya tisini yakaanza kuja magongo mapya, si ya mti tena bali ya nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, matupu ndani, mepesi kama ufagio. Kwenye mpini yaliandikwa namba: themanini na tano, mia, mia na kumi. Nilizitazama namba zile nikaamua kwamba ni za kiwanda, kama zile zilizo pembeni mwa tairi ambazo hakuna azisomaye. Sikumwuliza mtu. Fundi mwenye jina haulizi. Niliendelea kukata.

Sasa nije kwa Ruqaiya.

Alikulia kwenye meza yangu ya kazi. Nyumbani mchana hapakuwa na mtu wa kumwangalia, kwa hiyo basi la skuli lilimshusha uwanjani, akafanya hesabu zake pembeni ya mashine ya kunolea, na akimaliza alipewa viatu vya barafu na kwenda kuanguka apendavyo. Mke wa mjomba hakupendezwa. "Mtoto wa kike na gongo mkononi," alikuwa akisema, "utamwoza kwa nani?" Nikimjibu kwamba kwanza amalize darasa la sita. Alimaliza la sita, akamaliza la kumi na mbili, akaingia chuo kikuu Al Khoudh kusomea uhandisi. Na kila Jumatatu na Alkhamisi alivaa kofia ngumu juu ya mtandio wake na kucheza na ile timu ya mseto, wanaume na wanawake pamoja, nyuma kabisa upande wa kulinda.

Nahodha wa timu alikuwa Nasser, Muomani aliyezaliwa Bujumbura na kusomea Kanada, mtu wa kilo mia, Kiswahili chake cha bara na sauti ya kutangazia mpira. Mwaka wa mwisho wa Ruqaiya chuoni, timu ilipata mwaliko wa kucheza na wageni kutoka Dubai. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya mseto kucheza na watu wa nje. Nasser akaweka sharti kwa wote wanaocheza nyuma: uwe unaweza kukinyanyua kisahani kutoka kwetu, kipite juu ya magongo ya adui, kitoke. Akaulaza mkoba mkubwa wa vifaa kwenye barafu, kimo cha goti. Mipigo kumi, mitano ipite juu. Asiyefikisha atashangilia akiwa benchi.

Ruqaiya alijaribu siku hiyo hiyo. Haukupita hata mmoja. Yote kumi iligonga mkoba.

"Ruqaiya, dada yangu," Nasser akasema, "unasoma mchezo kuliko sisi wote. Lakini wale wakitubana kwenye kona, kisahani kisipotoka juu tumekwisha. Nakupa wiki tatu. Alkhamisi ya tatu tunapima tena."

Alikuja dirishani kwangu bado amevaa kofia.

"Kaka, mechi hii nisipoingia, naacha," akasema.

"Unaacha nini?"

"Mchezo. Mwezi wa tisa n'naanza kazi Sohar, huko hakuna barafu. Nimecheza miaka kumi na sijawahi kucheza mechi ya kweli. N'kikaa benchi, basi, siji tena hata kutazama."

Nilimjua. Tangu mdogo hakuwa mtu wa kutishia; akisema neno amekwisha kulipiga hesabu. Basi nikalichukua jambo lile kwa uzito wote. Nilikagua viatu vyake, nikavinoa upya. Nikabadilisha utepe. Gongo lenyewe sikulitilia shaka hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemkatia mwenyewe, karibu shubiri nzima, na lilimfika puani sawasawa.

Wiki ya kwanza alipiga mipigo mia kila siku aliyopata nafasi. Nilisimama nje ya kioo nikimpa maelekezo: inama, vuta kisahani nyuma, geuza viwiko. Maelekezo yote sahihi, na yote kutoka kwa mtu ambaye maisha yake hajapiga hata mpigo mmoja. Kisahani kiliendelea kutambaa. Siku moja nilichoka nikamwambia neno ambalo mpaka leo nalijutia.

"Mkono huna, Ruqaiya. Ndivyo ulivyoumbwa."

Alikusanya visahani vyake, akapanda basi la Al Khoudh.

Siku nne hakuja. Ya tano, Jumatano, aliingia karakana na daftari la chuo, akakaa kwenye kile kiti chake cha zamani karibu na mashine.

"Kaka, n'na suali. Lakini usikasirike."

"Uliza."

"Hili gongo langu kabla hujalikata, lilikuwa gumu kama hivi?"

"Gumu vipi? Gongo ni gongo."

"Kupinda. Watu wakipiga, gongo linatakiwa lipinde kidogo, halafu lifyatuke. Ule mfyatuko ndio unaonyanyua kisahani. Mkono unalipinda tu." Akafungua daftari. "Hii tumeisoma maabara. Ukichukua boriti ukaifupisha, haibaki na ugumu ule ule. Inakuwa ngumu zaidi, tena sana. Na hii namba, themanini na tano, ni kipimo cha ugumu. Kwa gongo zima. Lilikuwa limeshanizidi ugumu kabla hujaligusa."

Nikamwambia kwamba kazi ile nimeianza yeye akiwa na meno ya maziwa. Nikamwambia boriti ni za nyumba. Nikamwambia nimekata magongo mengi kuliko kurasa za daftari lile, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

"Hawawezi kulalamika, kaka," akasema taratibu. "Ukiwaambia ni mikono yao, wanaamini."

Akaondoka, daftari akaliacha mezani. Sijui kama alilisahau. Sikulifungua, maana hata ningelifungua nisingeyaelewa yaliyomo. Lakini kupima nilijua; kupima ndiyo kazi yangu.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda karakana peke yangu. Nikaweka viti viwili, nikachukua gongo jipya zima lenye namba themanini na tano, nikaliegemeza mwisho huu kwenye kiti kimoja na mwisho ule kwenye kingine. Katikati nikaning'iniza magaloni mawili makubwa ya maji kwa kamba. Nikashika rula. Lilishuka upana wa vidole viwili. Nikaliondoa, nikaweka la Ruqaiya, nikivisogeza viti vikaribiane kwa kuwa lilikuwa fupi. Maji yale yale, kamba ile ile. Lilishuka kidole kimoja na unyoya.

Nikarudia. Nikabadilisha viti, pengine kimoja kimekaa vibaya. Nikarudia tena.

Mtoto wa watu ana kilo hamsini, na mimi nilimpa gongo ambalo Nasser mwenyewe, na kilo zake mia, angelazimika kuliegemea ndipo likubali. Namba iliyokuwa pale kwenye mpini ilitaka kuniambia hivyo miaka yote. Nilikaa kwenye kile kiti kimoja nikaanza kukumbuka majina. Suleiman. Muuguzi mmoja wa Kifilipino aliyeacha baada ya msimu mmoja. Karani wa benki. Mtu na mkewe waliokuja pamoja. Kila mfupi na kila mwepesi aliyepita dirishani kwangu, nilimkatia gongo likawa chuma, halafu nikamshauri ale nyama.

Yatosha. Kazi ilikuwa inangoja.

Nyuma ya kabati kulikuwa na magongo matatu ya watoto yaliyoletwa kwa makosa na hakuna aliyeyataka. Namba yake hamsini. Rangi yake ya zambarau iliyopauka, na kwenye mpini kuna picha ya papa aliyevaa miwani. Nilining'iniza maji, likashuka vidole vitatu na zaidi, likarudi lenyewe nilipoyaondoa. Kwa Ruqaiya lilikuwa fupi. Basi nikachonga kipande cha mti mgumu, nikakipiga msasa mpaka kikaingia ndani ya uwazi wa mpini bila kucheza, nikapasha moto gundi, nikakipachika, nikakizungushia utepe. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, gongo lilitoka mikononi mwangu refu kuliko lilivyoingia.

Jumamosi nilimpa.

"Lina papa," akasema.

"Naliona."

"Ana miwani, kaka."

"Mfunike kwa utepe. Ulisema kweli. Nimepima." Na nikamwambia vidole viwili, kimoja na unyoya, vitatu na zaidi. Hakufurahia ushindi wake hata kidogo. Alipitisha mkono kwenye kile kipande cha mti nilichounga, akauliza kama gundi imekauka.

Msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Mpigo wa kwanza ulikwenda kwenye taa. Wa pili ukagonga kioo mbele ya pua yangu. Miaka yote alikuwa amezoea kusukuma kwa nguvu kitu kisichokubali, na sasa kimekubali. Ilibidi ajifunze upya kutuliza mikono, na siku zilizobaki zilikuwa tano.

Alkhamisi ile Nasser aliulaza mkoba. Wachezaji wote walikaa kando, wengine wakifunga kamba za viatu, wengine wakijifanya hawatazami. Mpigo wa kwanza uligonga mkoba. Wa pili ukapita juu sana, ukaenda nje. Nasser akasema huo anauhesabu. Wa tatu ukagonga tena. Halafu nikaona ameshusha mabega, na ile ya baadaye ikapita mmoja baada ya mwingine, chini chini, kimo cha mkono mmoja juu ya mkoba. Ilipofika saba Nasser akainua mkono.

"Imetosha, utatoboa ukuta. Mbarouk, ndugu yangu, umempa dawa gani huyu?"

"Kaka kanitengenezea gongo," Ruqaiya akasema. Akajishughulisha na kofia yake.

"Fundi ni fundi," akasema Nasser. "Basi na sisi tutengenezee."

Wenzake wakaanza kunipongeza. Nakiri kwamba ningeweza kuliacha hapo. Hakuna aliyekuwa na habari, na yeye alikuwa amekwisha kunifungulia mlango ili nipite salama. Lakini nilimleta mjini hapa amebebwa mgongoni, nikamwambia aseme kweli hata ikimgharimu. Nikavuka ule mlango mdogo wa kuingilia uwanjani, nikasimama kwenye barafu na viatu vyangu vya kawaida, nimeshika ukuta.

"Si dawa," nikasema. "Lile la mwanzo nililiharibu mimi. Ukilikata gongo linakuwa gumu, na mimi sikujua. Kila mwepesi niliyemkatia humu ndani, nilimkatia makosa. Mikono yenu haina kasoro."

Suleiman alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Akalichukua gongo lake, akaligeuza, akasoma namba.

"Na hili ulilikata?"

"Nililikata."

"Kiasi gani?"

Nikamwonesha kwa mkono.

"Kwa hivyo miaka yote hii naitwa Mkono wa Uji," akasema, "kumbe uji ni wewe."

Walicheka mpaka Nasser akalazimika kushika goli. Suleiman naye alicheka, lakini akanyamaza kabla ya wengine.

"Mbarouk," akasema, "mimi dawa naipima kwa kilo za mtu. Mtoto wako simpi kipimo cha baba yake. Kila wiki unakuja dukani kwangu unaona mizani iko mlangoni. Hukuwaza hata siku moja?"

Wiki ile ile nilinunua mizani ya kupimia watu, ndiyo hiyo iliyopo karibu na dirisha, na ndiyo maana mnawaambia wateja wapande kabla hamjawauliza wanataka gongo gani. Nilivyofanya kazi baada ya hapo mnajua: kwanza kilo, halafu namba, halafu pua. Mtu wa kucheza kwa starehe mpeni namba isiyozidi kilo zake, tena ikipungua ni bora. Ukilazimika kukata, hesabu kwanza namba itapanda kiasi gani. Na anayetaka gongo la wachezaji wa kwenye televisheni, mwonesheni vile viti viwili na maji.

Nilimtafuta kila niliyeweza kumkumbuka. Karani wa benki alirudi. Yule mtu na mkewe nao walirudi, wakagombania lile la papa la pili. Muuguzi nilimpata kwa simu. Aliniambia kwamba siku hizi anaogelea, anafurahi sana, na tafadhali nisimletee kitu.

Mechi ilichezwa Ijumaa iliyofuata. Wageni wa Dubai walikuwa wazuri kuliko sisi, na sitapoteza karatasi kueleza tulivyofungwa. Suleiman alipiga moja ikapita juu ya bega la kipa wao ikaingia golini, akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyepotelewa na gari lake. Ruqaiya aliingia zamu sita. Zamu ya nne walimbana kwenye kona, watatu kwa mmoja, magongo yao yamelala kwenye barafu kama uzio. Nilimwona akishusha mabega. Kisahani kikapita juu yao wote, kikavuka mstari, kikatua mbali wakati wale watatu bado wanakitafuta miguuni.

Alipotoka alikuja kukaa mwisho wa benchi, upande wangu wa kioo, pumzi juu. Nikamwuliza kama ameumia.

"Hapana." Akavua glovu, akautazama mkono wake wa chini. "Nimelisikia, kaka. Limepinda hapa, chini ya mkono. Likangoja kidogo, likarudi."

Nikamwomba anieleze tena, polepole, maana mimi nilikuwa nayafunga utepe na kuyafungua magongo tangu yeye mdogo na sijawahi kujua yanasikika vipi mkononi. Akasogea karibu na kioo, akanieleza mpaka Nasser alipomwita zamu yake.